Msishuke Upande wa Kibla

Mnapokuja hapa kwangu Bellevue, Johannesburg, kujifunza kupanga njia za milimani, mkavua viatu mlangoni na kujibana watano kwenye kochi la watu watatu, swali lenu la kwanza huwa lile lile: Bi Zuhura, wewe umepanda milima mingapi? Leo nawajibu kwa maandishi ili msiniulize tena. Sijapanda hata mmoja. Nimepanda ngazi za ofisi yetu kule Bertrams, lifti ikiwa mbovu tangu siku naajiriwa mpaka siku nastaafu, na juu nilikuwa nafika nahema kama niliyefukuzwa na mbwa.

Kazi yangu ilikuwa kuwapangia njia wanaopanda. Waanzie wapi, walale wapi, wakizidiwa watokee wapi. Watu wa Johannesburg waliotaka kwenda kujaribu kuta za Alpi, kule Ulaya, hasa upande wa milima ya mawe ya chokaa, walikuja kwetu, wakaeleza wanachokiota, na sisi tukaigeuza ndoto yao kuwa mstari kwenye karatasi. Mwenye ofisi alitafuta wateja. Tuliochora tulikuwa wawili: mimi, mtoto wa Tanga, niliyejifunza kuchora ramani ofisi ya upimaji kabla sijaolewa na kuletwa huku, na Papa Ilunga.

Huyu Papa Ilunga lazima niwajulishe vizuri, maana kila ninachowafundisha nimekitoa kwake. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, ameanza ujana wake migodini, akayajua mawe, kisha mawe yakampeleka Ulaya. Milima ile aliipanda kwa miguu yake mwenyewe mpaka magoti yalipomkataa. Alikuwa mrefu, mkimya, anavaa tai hata siku za joto, na akicheka alificha meno kwa kiganja kama mwari.

Siku yangu ya kwanza hakunipa ramani. Alinipa jiwe.

"Shika hii libwe, maman," akasema. Libwe kwao ndilo jiwe. "Angalia muzuri. Unaona nini?"

Nikaangalia. Jiwe la kijivu, zito, ukubwa wa embe. Ubavuni mwake kulikuwa na konokono wa baharini, amekaa mle ndani ya jiwe amejikunja vilevile kama wale tuliokuwa tunaokota utotoni Tanga maji yakikupwa. Nikamwuliza jiwe hili limetoka pwani gani.

"Pwani?" Akaziba mdomo kwa kiganja. "Nilitosha kule juu, maman. Ku kilele, kwenye baridi. Ile milima yote ilikuwaka chini ya mayi."

Kutosha kwao ni kutoa, na mayi ni maji. Wanangu, nilikaa chini. Nyumba niliyozaliwa ilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Nilikua nikiona mawe ya bahari yakipangwa juu ya magogo, yakiwaka, yakigeuka unga mweupe wa kupaka kuta. Nilidhani chokaa naijua. Na sasa naambiwa kuna mahali Mungu amelichukua jiwe lile lile, akalinyanyua kutoka chini ya bahari hadi mawinguni, akaliacha huko na konokono wake. Nilisema Subhanallah, na mpaka leo, nikilishika, nalisema tena. Jiwe lenyewe ni lile pale juu ya televisheni, ambalo mmoja wenu juzi aliliwekea kikombe cha chai.

Sasa niwaambie la kazi. Chokaa ni jiwe zuri lakini lina tabia zake, na asiyezijua asimpangie mtu safari juu yake. Tabia ya kwanza, ni mlevi. Linakunywa maji. Mwaka wangu wa mwanzo niliwapangia watu watatu walale kando ya kijito, kijito kimechorwa kwa bluu safi kwenye ramani, nami nimekizungushia duara kwa fahari. Walipofika hapakuwa na hata tone. Kijito kilikuwa kimeingia shimoni juu yao na kitatokea bonde jingine kabisa, kama mtu aliyepita mlango wa nyuma kukwepa wageni. Walilala na kiu, asubuhi wakatafuta theluji kwenye kivuli wakaiyeyusha. Papa Ilunga alipopata habari hakunigombeza. Alichukua ua lililokuwa kwenye kopo dirishani, akamwaga maji juu ya kipande cha chokaa, tukayatazama yanavyozama kwenye nyufa.

"Chokaa inakunywaka, maman. Mayi batabeba bao benyewe." Yaani maji watabeba wao wenyewe.

Tangu siku hiyo, bluu kwenye ramani ya chokaa naiona kama ahadi ya mgombea.

Tabia ya pili ni rangi. Ukuta wa kijivu ni rafiki, umekaa juani na mvuani miaka na miaka na kilichokuwa cha kuanguka kimeshaanguka. Ukuta wa njano ushuku, hapo jiwe limebanduka majuzi, na lililobanduka lina nduguze wanaosubiri. Michirizi myeusi ni mifereji: mvua ikinyesha, maji yatapita pale pale. Siku hizi mnaigeuza milima kwa kidole kwenye simu, mnaiona juu chini, mbele nyuma, nami huwa nawaomba mnirudishie tena na tena, sichoki kushangaa. Sisi tulikuwa na picha ukutani, lenzi, na uzi mwekundu tuliopewa na fundi cherehani wa Kikongo aliyekuwa chini yetu. Tulichomeka pini, tukavuta uzi kutoka pini hadi pini, na uzi ule ndio uliokuwa njia.

Na uzi tulianza kuufunga juu. Hapa Papa Ilunga alikuwa mkali. Mteja angekuja na hamu yake ya kupanda, anaeleza ukuta, anapiga mikono, naye Papa anamwacha amalize, kisha anamwuliza, "Na kushuka?" Kiswahili kinasema mpanda ngazi hushuka, lakini hakikusema anashuka vipi. Sharti la Papa lilikuwa hili: mlima ambao hujauonea njia mbili za kushukia, hujaupanga. Moja ikifungwa, iweko ya pili.

Kulikuwa na mlima mmoja aliokuwa ameuvutia uzi miaka yote niliyofanya naye kazi, na hakumpa mteja yeyote. Picha yake ilikuwa peke yake pembeni mwa dirisha. Ukuta wake wa magharibi ulipanda kijivu kitupu, mrefu mpaka macho yanachoka, na juu kulikuwa na uwanda mpana uliojaa mashimo. Chini ya kilele palikuwa na korongo la theluji upande wa kaskazini, fupi, linaloshuka moja kwa moja hadi bondeni. Hiyo ni njia moja. Ya pili hakuwahi kuiona. Alikuwa anasimama mbele ya mlima ule na kikombe chake cha kahawa, anautikisia kichwa. "Huyu iko mukubwa kwangu," alisema. Alistaafu, akarudi kwao Lubumbashi, akafia huko, Mungu amrehemu, na uzi wake ukabaki ukutani haujafungwa upande mmoja.

Kabla sijafika huko, kosa langu la jua, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea.

Hapa Johannesburg jua linakaa kaskazini. Hamlioni hilo kwa sababu mmelizoea. Chumba changu hiki kodi yake ni kubwa kuliko cha jirani kwa sababu dirisha lake linatazama kaskazini, na mwezi wa saba, baridi inapouma mifupa, jua linaingia mpaka kitandani. Basi nami, nilipoanza kazi, niliwapangia watu mapumziko upande wa kaskazini wa mlima, nikaandika kabisa: "Hapa mtaota jua." Papa Ilunga aliposoma alilazimika kutoka nje akacheke vizuri. Kule Ulaya jua linakaa kusini. Kaskazini ndiko kwenye kivuli, barafu na theluji isiyoyeyuka. Nilikuwa nawapeleka watu wakaote jua ndani ya friji.

Na kwetu pwani, kaskazini tuna jina lake jingine. Wazee wa Tanga hawakusumbuka na kaskazini, walisema kibla. Makka iko juu yetu wima, basi ukisema shamba liko kibla ya mji, kila mtu anajua ni kaskazini. Nilikuja na neno hilo kwenye sanduku langu. Na Johannesburg halikunisuta, kwa sababu hapa pia tunaswali kuelekea kaskazini, na kuchepuka kidogo. Dirisha la jua kwangu ni dirisha la kibla. Mwanangu Swalehe amelisikia hivyo tangu anatambaa: fungua kibla, funga kibla, usichungulie kibla utaanguka.

Swalehe amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata cha mafumbo, lakini kukisema, hapana. Nilimsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza, akageuka kwa rafiki yake Sipho akaendelea kwa Kizulu. Nililia, nikagomba, nikanuna, nikachoka. Papa Ilunga ndiye aliyekuwa akimchukua Jumapili kwenda kupanda miamba nje ya mji, na alimfundisha kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa hiyo mtoto akawa anajua kusikia Viswahili viwili na kusema sifuri.

Alipokuwa mtu mzima, yeye na Sipho wakanijia ofisini na hamu yao. Sikuuliza mlima gani. Macho yake yalishakwenda pembeni mwa dirisha.

Nilikataa. Kisha, kwa kuwa angekwenda tu na mpango wa mtu mwingine, nikakubali. Wanangu, miezi ile nilifanya kazi kama sijawahi. Niliutazama uwanda ule kwa picha za setilaiti, picha za zamani, picha za baada ya mvua. Nikaona kitu ambacho Papa hakuwa na macho ya kukiona, kwa sababu zama zake picha hizo hazikuwapo: upande wa kusini mashariki, kati ya mashimo, kulikuwa na vibaraza vya mawe, kimoja chini ya kingine, vyembamba, vya kijivu, vinashuka hadi kwenye majani. Niliuchukua uzi wa Papa, nikaufunga ile ncha. Nilihisi mlima umenifungulia mlango ambao haukuwahi kumfungulia yeyote, na kwamba sikustahili.

Mpango ukawa hivi: wapande ukuta wa magharibi, washuke kwa korongo la kaskazini ambalo ni fupi. Likiwa na matatizo, vibaraza vya kusini mashariki. Ulikuwa mpango wangu wa mwisho kabla ya kustaafu.

Wakaondoka. Huku ni baridi, kule ni kiangazi, lakini saa zetu huwa moja majira hayo. Asubuhi ya kupanda nikapata habari kutoka kwa mtunzaji wa nyumba ya wapandaji kule chini ya mlima: theluji ya korongo imelainika, inaachia mawe, na mchana utakuwa na ukungu. Nilishtuka. Nikampigia Swalehe, hakupatikana. Nikamtumia ujumbe wa sauti, haraka haraka, na kwa hofu Kiswahili cha ofisi kikanikimbia, kikaja cha mama yangu:

"Mwanangu, mkifika juu msishuke upande wa kibla! Nasema tena, kibla msiende. Kibla pameharibika. Shukeni ile njia nyingine."

Tiki mbili. Ameupata. Nikashusha pumzi.

Muda si muda simu ikalia, picha imeingia, na chini yake Swalehe ameandika kwa Kiingereza chake kwamba ameusikia ujumbe, wanaanza ukuta, nisijali. Picha yenyewe ilikuwa ya alfajiri. Sipho ndiye aliyeipiga. Swalehe yuko nje ya nyumba ya wapandaji, anaswali juu ya koti lake, na kushoto kwake wekundu wa alfajiri unatokea kati ya vilele viwili.

Niliitazama kwa furaha kwanza. Mama gani asingefurahi? Kisha nikasikia upepo, nikainuka, na kwa mdomo wangu mwenyewe, peke yangu chumbani, nikasema, "Ngoja nifunge hili la kibla."

Mkono ulibaki kwenye komeo.

Kule, kibla si kaskazini. Kule Makka iko kusini mashariki, ndiyo maana alfajiri ilikuwa kushoto kwake. Mwanangu ametoka kuswali kuelekea huko asubuhi hii hii. Nami nimemwambia asishuke upande wa kibla, akashuke njia nyingine. Akilichukua neno kwa kibla aliyoswalia, ataviacha vibaraza vyangu vya kijivu, aende kwenye korongo, chini ya mawe. Nitakuwa nimemtuma kwa sauti yangu.

Nikapiga. Hapatikani. Nikaandika: kaskazini, usishuke kaskazini. Tiki moja. Nikaandika kwa Kiingereza. Tiki moja. Ukuta ule wa magharibi hauna mtandao, hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe kwenye mpango. Tiki moja, tiki moja, tiki moja, moja chini ya nyingine kama watoto wamepanga foleni.

Watu husema aliye juu mngoje chini, wakimsema tajiri au mwenye cheo, wakimwombea kuanguka. Mimi siku ile niliusema usemi huo kwa kumwombea mtu ashuke. Nilikaa hapa dirishani na jiwe la Papa Ilunga mapajani. Niliwaza ukungu ukifunika uwanda. Niliwaza mashimo. Na katikati ya hofu, sitawaficha, niliuheshimu mlima ule kuliko siku zote. Nilikuwa nimeuvutia uzi, nimeupima kwa rula, nimejiona mwenyeji. Nao ulikuwa umekaa kule, bahari iliyosimama, hauna habari na maneno yetu. Kibla ya Tanga, kibla ya Bellevue, yote kwake ni upepo tu.

Jua lilikuwa limeshaacha kitanda na linapanda ukutani simu ilipolia.

"Mama." Upepo mkali, sauti inakatika. "Mama, tuko chini. Sisi wote. Tuko kwa majani."

Majani. Kwenye vibaraza, si korongoni. Na amesema kwa Kiswahili. Simu ikakatika kabla sijajibu, na mimi nikamlilia mtu ambaye hayupo kwenye laini.

Aliporudi nilimpikia, nikamwacha ale kwanza. Sipho naye alikuwapo, amechomwa na jua pua nzima, anasimulia: juu kulikuwa na ukungu hata huoni buti zako, eish, na dira wanayo, kaskazini wanaijua, kusini wanaijua, lakini Swalehe amesimama anairudia rudia sauti ya Mama, mara ya kwanza, mara ya pili, hataki kusogea. "Nikamwambia bra, ndugu yangu, asubuhi uliswali kule, si ndiko kibla? Tusiende kule, twende huku kwenye theluji. Akanikatalia. Akasema nyamaza, namsikiliza Mama."

Nikamgeukia mwanangu. "Ulijuaje?"

Nikaona anavyotafuta maneno, anayaokota moja moja kama mtu anayetafuta pa kushika ukutani.

"Mama, wewe hujafika kule," akasema. "Kibla ya kule hujaiona. Wewe ukiogopa, unaongea ya hapa nyumbani." Akanyanyua kidole, akaonyesha dirisha. "Kibla yako ni ile."

Wanangu, nimewaeleza rangi za mawe na ulevi wa chokaa, na sharti la njia mbili za kushuka. Yashikeni. Na mkiandika njia, andikeni kaskazini, kama watu wa ofisi, msiniige. Lakini mniambie mimi nitamfundisha nani hili jingine, la kijana kusimama ukunguni na kuujua ulimi wa mama yake. Mimi mwenyewe nilidhani hausikii. Miaka yote ile nilipokuwa nagomba kwamba hanijibu, alikuwa ananisikiliza.

Sipho alipoaga, Swalehe akakusanya sahani. Jioni ilikuwa inaingia na baridi yake. Akasimama kwenye komeo.

"Mama, nifunge kibla?"

"Liache kidogo," nikamwambia. "Jua bado lipo."